Tuta Tuliloomba

Kwetu Kano, kwenye tambarare karibu na Kisumu, maji hayakuja kwa kishindo. Watu wa mjini wakiniuliza habari za mafuriko hutaka niwasimulie wimbi kubwa na watu wanaopiga mayowe, nami huwakata kauli, maana haikuwa hivyo. Asubuhi moja unakanyaga majani ya uani unasikia unyevu ambao jana haukuwepo. Siku chache baadaye vyura wako nyuma ya jiko, na kuku wamepanda juu ya ghala wanakataa kushuka. Unajiambia, aa, ni mvua tu. Ukija kushtuka, sufuria inaelea na wewe umesimama ndani ya nyumba yako umeshika nguo juu ya magoti.

Nilikuwa mtoto wa shule yalipokuja kwa mara ya kwanza nikiyakumbuka, katika mvua zile nyingi zilizotangulia Uhuru. Mto Nyando ulishuka na maji mekundu kutoka milimani, na ziwa, ambalo lilikuwa limejaa tayari, likakataa kuyapokea. Yakakosa pa kwenda, yakarudi kwetu. Baba alitubeba mimi na dada yangu hadi shuleni, kwenye mwinuko, kisha akarudi kumchukua mama na ng'ombe. Tangu hapo maji hayakutusahau. Mwaka huu kidogo, mwaka ule zaidi, na kila yalipoondoka yaliacha mstari kwenye kuta za nyumba zetu, rangi ya chai ya mkandaa. Sisi watoto tulikuwa tukisimama kando ya ukuta kujipima nani amezidiwa na maji na nani ameyazidi. Tuliuona kuwa mchezo mzuri sana.

Baba alifariki miaka michache baadaye kwa ugonjwa wa kifua. Tulimzika bomani, upande wa kulia wa nyumba ya mama, na ndugu zake wakamjengea kaburi la saruji. Mama akisimama mlangoni alikuwa akiliona moja kwa moja. Kila asubuhi alilifagia kabla hajawasha moto.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtu atasema, kwa nini yule mama hakuhama tu? Kwetu boma jipya halianzishwi na mwanamke peke yake. Mume hutangulia, mwanawe wa kiume wa kwanza akiwa na shoka na jogoo, na mke huja nyuma na moto. Mama hakuwa na mume, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume aliyekua. Wazee walimletea ndugu wa marehemu amrithi, mama akakataa kwa sababu ya kanisa lake, tena alikataa kwa maneno makali ambayo wazee hawakuyasahau. Dada yangu aliolewa Seme, karibu na Kombewa, pahali pa mawe na pakavu, lakini mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kondele, mtaa wa Kisumu. Alikuja kukaa nami mara moja, akashinda ameketi kwenye ukingo wa kitanda na mkoba wake mapajani, akiniuliza basi linarudi saa ngapi. Kwa hiyo mama alikuwa na mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe palikuwa chini ya mto.

Miaka ya sabini ilipoingia nilikuwa nimeajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja Mhindi mjini Kisumu. Nilikuwa na vidole vyepesi na hasira ya karibu, na yule mzee alivumilia ya pili kwa ajili ya vile vya kwanza. Nyumbani nilikwenda Jumamosi, na kila Jumamosi kulikuwa na habari mpya nisiyoipenda. Viboko walikuwa wakila majani nyuma ya kanisa. Mafunjo yalikuwa yameota katika shamba la jirani ambalo zamani tulikuwa tukivuna mtama. Mama alichimba shimo la kupandia mgomba, nalo likajaa maji kabla hajaleta mche. Alinionyesha shimo lile.

Mwenyekiti wa kamati ya harambee alikuwa baba yangu mdogo, mtu mnene, mchangamfu, aliyewahi kuwa nyapara bandarini Kisumu na ambaye hakuwahi kukutana na umati asiouhutubia. Kamati yake ilikuwa imejaribu kujenga tuta la udongo kandokando ya mto kwa majembe na karai. Mvua ya kwanza ikalilamba lote. Kulihitajika tingatinga, mawe, mabomba ya kupitishia maji, na mtu aliyesomea kazi hiyo.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "wewe unajua mashine na unajua Kizungu. Tutafutie watu wa kutusaidia."

Nikaanza kuzunguka. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa natoka ofisini mbio, mkate mkononi, naingia ofisi za serikali. Kwa D.O., yaani mkuu wa tarafa, waliniambia niende Maendeleo ya Jamii. Maendeleo ya Jamii kulikuwa na karani kijana kutoka upande wa Nyeri, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. "Dada, hii maneno ya mto si yetu," akasema. "Sisi ni mambo ya shule na vyoo. Jaribu watu wa maji." Watu wa maji wakaniuliza kama shida ni mto au ni ziwa.

"Ni vyote viwili. Ziwa linausukuma mto nyuma."

"Mto iko kwetu, mama. Ziwa haiko kwetu."

"Na mto ukishaingia ziwani?"

Yule bwana akafikiri kwa dhati kabisa. "Hapo sasa," akasema, "ni Nairobi."

Nilirudi ofisini nimevimba, nikaanza kuipiga ile taipureta kama imenitukana. Wakili akatoka chumbani mwake kuuliza kulikoni. Nilimweleza yote, sauti juu, machozi karibu. Yule mzee hakunionea huruma hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na gazeti la Kiingereza, kidole chake kikiwa juu ya tangazo dogo pembeni.

"Wewe wacha kelele, soma hii. Siku hizi Wazungu iko na kitu mpya. Inaita mazingira. Kwa mti inatoa pesa, kwa udongo inatoa pesa, kwa maji pia inatoa. Andika bas."

Lilikuwa shirika la ng'ambo lililofungua ofisi Nairobi, likitaka vikundi vya wananchi vipeleke maombi ya kuhifadhi udongo na maji. Niliyaagiza maswali yao kwa posta. Yalipofika niliyasoma nikaona kwamba walioyaandika hawajawahi kuketi na wazee wa Kano. La kwanza lilitaka idadi ya watu, wakubwa na watoto, boma kwa boma. Nililisoma mbele ya kamati.

"Watoto wa watu hawahesabiwi," mzee mmoja akasema. "Unataka wafe?"

"Si mimi, jaduong', mzee wangu. Ni shirika."

"Basi andika tuko wengi."

Ilibidi nipite njia ya pembeni, nikauliza kila mama anapika ugali wa unga kiasi gani, nikakisia mwenyewe. Swali lililonishinda lilikuwa lile la mwisho: mradi huu usipotekelezwa, ni nini kitakachotokea? Niliweka karatasi kwenye mashine nikaandika kwa Kiingereza kwamba mama yangu atazama. Nikakaa nikiyatazama maneno yale. Wakili alikuwa akipita nyuma yangu, akasoma, akatikisa kichwa.

"Hapana andika mama. Andika jamii. Mama ni moja, jamii ni mingi. Pesa inataka mingi."

Nikaichomoa karatasi, nikaweka nyingine. Niliandika jamii. Yalikuwa maombi mazuri. Hata wakili, ambaye hakuwahi kuisifu kazi yangu, alisahihisha mkato mmoja tu kisha akanipa bahasha ya ofisi.

Mvua za vuli zilikuja zikaondoka. Zamu hii maji yaliingia nyumbani kwa mama hadi juu ya kizingiti cha dirisha, na alikaa shuleni na majirani mpaka yalipopungua. Mstari wa ukutani ulikuwa juu kuliko yote niliyoiona. Nilisimama kando yake, mtu mzima mwenye viatu vya mjini, ukanifika kifuani. Ndani ya nyumba kulinuka matope na samaki waliooza. Nikaogopa kwelikweli, si ile hofu ya kusimulia, bali ile inayokufanya uongee kwa sauti ndogo. Mvua za masika, ambazo ndizo kubwa, zilikuwa bado hazijaja.

Ndipo jibu likafika. Shirika lilikuwa limependezwa. Kabla ya kuamua lingemtuma bwana mmoja kuja kujionea hali yetu kwa macho, mwezi wa pili, jua likiwa limewaka na barabara zinapitika. Nilimsomea mwenyekiti barua ile sokoni Ahero, akaninyanyua juu mbele ya watu. Nilikwenda kwa mama nikaimba njia nzima. Yeye aliketi chini, akafunika uso kwa khanga, akalia kidogo. Kisha akainuka akaanza kutafuta udongo.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini sikushtuka. Nilidhani ni furaha tu. Nilirudi mjini kazini, nikawaacha wajiandae, na sikuwaza mgeni anapokuja kwetu watu hujiandaa vipi.

Nilirudi siku yenyewe, asubuhi, kwa basi la kwanza. Kuanzia njia panda nikaona barabara imefagiliwa. Madimbwi yaliyobaki yalikuwa yamefukiwa kwa mchanga. Mafunjo yaliyokuwa yameivamia njia yamekatwa, na badala yake pamechomekwa matawi yenye maua. Nikaharakisha. Nilipoingia bomani kwetu nikasimama kama aliyepigwa kofi.

Nyumba ya mama ilikuwa imekandikwa upya. Udongo wa mfinyanzi na samadi, laini, kutoka chini hadi chini ya paa, na juu yake akachora kwa majivu na udongo mwekundu yale maua yake ambayo kijiji kizima kilimwonea wivu. Mstari haukuwepo. Nikakimbia kwa jirani, haukuwepo. Nyumba baada ya nyumba, kanisa, hata jiko la shule, wanawake walikuwa wameshinda juma zima wakipaka. Hakukuwa na ukuta hata mmoja uliokumbuka kwamba maji yaliwahi kufika.

"Mama! Mmefanya nini?"

Aligeuka akiwa amevaa gauni lake la Umoja wa Akina Mama, jeupe pe. "Tumefanya nini?"

"Mstari! Huyo bwana anakuja kuona mstari!"

"Unataka nimpokee mgeni kwenye nyumba yenye matope ukutani?" Alisema polepole, kama unavyomwambia mtoto aliyepungukiwa adabu. "Aseme mke wa marehemu ni mvivu? Mgeni wa kwanza wa mbali kufika hapa tangu baba yako azikwe?"

Nilipandwa na hasira nikafoka mbele ya wanawake wote. Niliwaambia wameharibu kila kitu, kwamba wamefunika kwa mikono yao wenyewe kile tulichomwitia. Walinitazama kwa huruma. Mmoja akasema mji umenichukua. Mwingine akasema kama mgeni anajua kusoma basi ataona kwenye barua, maji yameandikwa humo, haina haja ya kumwonyesha uchafu. Nilichukua jembe nikwangue ukuta japo mmoja, na mama akasimama mbele ya ukuta wake. Gari likasikika.

Alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu kwa jua, na dereva wa Nairobi. Hakuwa mtu mbaya. Nilitafuta ubaya wake nikaukosa. Alipokewa kwa nyimbo. Aliketishwa kwenye kiti kilichoazimwa kwa mwalimu mkuu, kikiwa na kitambaa cha kushonwa. Mwenyekiti akasimama akahutubia, nami nikatafsiri. Alisema tunamshukuru Mungu, tuko salama, watoto wazima, ng'ombe wazima, hatuna neno. Ndivyo salamu zinavyokwenda kwetu. Hata ukifiwa, kwanza unasema mko salama. Nilipofika kwenye "hatuna neno" niliongeza yangu kwa Kiingereza, kwamba mzee anasema maji yanatumaliza. Mwenyekiti, ambaye alijua Kiingereza cha bandarini cha kutosha, akanikata jicho.

"Mpe mgeni chakula kwanza," akaniambia kwa Kijaluo. "Mtu hapewi msiba akiwa na njaa."

Akapewa chakula. Kuku, samaki aina ya ngege wa kukaanga, ugali wa wimbi, maziwa ya mgando. Na aliposhiba, ikawa hapewi msiba akiwa ameshiba, maana huko ni kumtapisha mtu chakula ulichompa. Nilimtembeza mwenyewe. Nilimpeleka mtoni, ambako maji yalikuwa yakipita chini kabisa, membamba, watoto wakirushiana. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilimwambia yanafika hapa, nikaweka mkono kifuani pangu. Aliutazama mkono wangu, akautazama ukuta wa mama, laini, wenye maua, akainua kamera akaupiga picha ukuta.

"Mama yako ni msanii," akasema.

Mama aliuliza amesemaje. Nilimwambia. Akainama kwa haya, akafurahi. Siku hiyo sikumpenda mama yangu, nalisema hivyo hivyo, na bado nilitaka kulia kwa jinsi alivyofurahi. Mgeni aliondoka na jogoo mwekundu kitini nyuma ya gari, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge.

Barua yao ilifika wakati mawingu ya masika yalipokuwa yakijikusanya juu ya milima ya Nandi. Walitushukuru kwa mapokezi. Walisema wamekuta jamii yenye umoja, afya na makazi bora, na kwa kuwa fungu ni dogo, wameona liende kwanza pahali penye dhiki ya kuonekana. Walitushauri tupande miti. Niliwasomea kamati chini ya paa la kanisa, kifungu kwa kifungu.

"Kwa hiyo alifurahi?" mwenyekiti akauliza.

"Alifurahi."

"Na chakula?"

"Alikisifu."

Wazee wakatazamana. Sikuwahi kumwona mwenyekiti akikosa hotuba, lakini siku hiyo alikaa tu akiikunja na kuikunjua kofia yake. Mzee mmoja akasema labda tungempa mbuzi. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Masika yakafunguka. Mjini Kisumu tuliona ziwa limepanda hadi kwenye nyasi za watu, na matrekta ya miwa ya Muhoroni yakawa yanakuja yamepakwa tope hadi taa. Niliomba ruhusa. Wakili alinipa bila kuniuliza lolote, jambo lililonitia hofu zaidi. Basi lilinishusha kabla ya Ahero kwa kuwa mbele barabara ilikuwa imegeuka maji, mekundu, yametulia, na juu yake nyuki walikuwa wakizunguka mizinga iliyoelea. Nilitembea ndani ya maji na wengine, tumeshikana mikono, tukipapasa njia kwa fito. Kulikuwa na sauti moja tu, ya kuta zikianguka mbali, moja hapa, moja kule, uzito ukitumbukia majini.

Mama nilimkuta shuleni akiwa hai. Walimtoa kwa mtumbwi, na waliomtoa waliniambia walimkuta ameketi juu ya kaburi la baba, maji yakimfika kiunoni, kwa kuwa ndiyo saruji pekee iliyobaki bomani. Nyumba ilikuwa imekwenda. Nilimkumbatia, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Alikuwa akiuliza jambo moja tu, kama lile kaburi limepasuka.

Yule mgeni alirudi. Safari hii alikuja na mtumbwi wa injini, na kila alichokiangalia kilikuwa maji. Watu wamelala kwenye sakafu za madarasa, watoto wanaharisha, hakuna wa kumwimbia. Mama alijificha nyuma ya mlango kwa aibu ya kutokuwa na kiti cha kumpa. Yule bwana alisimama katikati ya darasa, akavua kofia, akaniambia pole, akaniuliza kwa nini hatukumwonyesha. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaona sijui nianzie wapi. Unamwelezaje mtu kwamba tulimheshimu mno?

Pesa ilitoka upesi. Ilipotoka, alikuja na mhandisi na ramani, nami nikaitwa kutafsiri. Mhandisi alichora mstari kwa kalamu nyekundu. Tuta halikukaa ukingoni mwa mto tulikoomba. Alisema udongo wa pale ni laini, haushiki. Akalirudisha nyuma, juu ya njia ya zamani ya ng'ombe, ambako ardhi imeinuka kidogo. Boma chache zingebaki upande wa mto, na wenyewe wangehama. Mwenyekiti alikubali. Angefanyaje? Nyuma ya ule mstari kulikuwa na shule, kanisa, na karibu kijiji kizima.

"Na maji yatakayozuiwa," nilimwuliza mhandisi, "yatakwenda wapi?"

"Yatasimama upande huu," akasema, kidole upande wa mto.

"Yatakuwa mengi kuliko zamani?"

Alianza kukunja ramani. "Upande huu, ndiyo."

Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa darasani akichambua mboga. Nilichora sakafuni kwa chaki, mto hapa, tuta hapa. Akautazama mchoro, akaniuliza boma letu liko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza, "Na baba yako?" Nikaweka kidole palepale. Wenzetu waliobaki upande wa mto walikuwa na wana, wakachukua shoka na jogoo na moto, wakahama kwa utaratibu wake. Mama hakuwa na wa kumtangulia. Maji yalipokauka aliwaomba wajukuu wa shemeji zake wamjengee kibanda cha matete palepale pa zamani, kando ya saruji, akahamia. Nililia, nikagomba, nikamtisha kwa jina la Mungu. Dada yangu alikuja kutoka Seme akapiga magoti. Mama alituambia tusimfanye aonekane mke aliyemwacha mumewe majini.

Tuta lilikamilika kabla ya masika mengine. Watu wengi walipona kwa lile tuta, siwezi kusema uongo. Mpaka leo kuna watoto waliokua nyuma yake wasiojua mafuriko ni nini. Siku ya kulifungua waliweka hema juu yake, wakaja wakubwa kutoka mjini, na yule Mzungu akanishika mkono akaniambia kazi hii yote ilianza na mimi. Mwenyekiti alihutubia hadi sauti ikakauka. Akiwa katikati ya maneno, ngurumo ikalia upande wa Nandi, na upepo ukaja na harufu ya mvua. Zamani harufu ile ingetutawanya. Sasa watu walicheka. Wanawake walipiga vigelegele kuelekea mawinguni, na mwenyekiti akapaza sauti, "Acha inyeshe!"

Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni, nikitazama upande wa pili. Kule chini kulikuwa na kibanda kimoja, moshi mwembamba, na mama akinipungia mkono.

"Nyathina! Njoo tuingize kuni, mvua hiyo!"

Matone ya kwanza yalikuwa yakianguka. Nyuma yangu walikuwa wakiimba. Nilivua viatu, nikashuka upande wake.